Andika Kilichopikwa Leo

Harusi ina picha zake, na siku hizi ina video ya saa nzima. Msiba una daftari la waliochanga. Lakini siku ya Jumanne ya masika, mvua imeanza alfajiri, mama amepika kunde za nazi kwa sababu samaki wameadimika, watoto wamegombania ukoko, siku hiyo haina picha wala daftari. Na siku za namna hiyo ndizo zilizo nyingi katika umri wa mtu. Muulize mzee yeyote bibi yake alikuwa akipika nini siku isiyo na sherehe. Atafikiri kidogo, atataja vyakula viwili vitatu, kisha atakuhadithia pilau la Idi. Pilau analikumbuka kwa sababu lilikuja kwa nadra. Chakula cha kila siku kilikuwepo tu, wala hakuna aliyeona haja ya kukiweka akilini.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kukiweka: chakula cha nyumbani, mwenendo wa siku, na zile shughuli za mikono tunazozifanya kwa kuzipenda. Unahitaji daftari, kalamu na robo saa kwa siku. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba uandike vitu kwa majina na vipimo vyake, siku ile ile vilipotokea. Hisia usizihangaikie. Anayeandika kwamba nazi ilikuwa moja na walaji tisa amekwisha kueleza hali ya nyumba siku ile.

Wametutangulia watu wa pwani katika kazi hii. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Wasichana wa wakati wake walifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akahamia Ujerumani, akaitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikachapishwa huko mwaka 1886. Mwanzoni alikusudia kuziandika kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa wakikulia mbali na nchi ya mama yao. Mambo ya kiti cha enzi yamo, lakini kinachomwingiza msomaji wa leo ndani ya jumba ni habari za milo, mavazi, pilikapilika za nyumbani, usiku wa Ramadhani na maandalizi ya Idi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo naye, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, alieleza kwa kirefu desturi za Waswahili tangu mtoto anapozaliwa, michezo, ngoma, ndoa, biashara na uganga, na maelezo yake yakatoka kitabuni mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Wote wawili waliandika mambo ambayo jirani zao wangeyaona hayana haja ya kuandikwa, kwa kuwa kila mtu aliyajua. Waliokuwa wakiyajua hawapo tena, na sisi tunayasoma kwao.

Daftari na saa yake

Nunua kaunta buku yenye jalada gumu. Madaftari membamba ya shule yanachanika mgongoni kabla mwaka haujaisha, na yale mazuri mno yenye karatasi nene na utepe yanamtisha mwenye nayo, akawa anangoja siku ya maana ndipo aandike. Hutaki kungoja siku ya maana. Andika namba kwenye kurasa zote kabla hujaanza, kisha acha kurasa nne za mwanzo zikiwa tupu. Hizo utazijaza taratibu kwa orodha: vitumbua ukurasa wa 12, bei ya mkaa ukurasa wa 15, mbegu za bamia ukurasa wa 31. Bila orodha hiyo, daftari la kurasa mia mbili linakuwa shimo, unajua kitu kimo lakini hukipati.

Tumia penseli au kalamu ya kawaida ya wino mzito. Mimi hupendelea penseli, maana haitiririki ikipata maji, haififii kwa jua, na inaandika hata kwenye karatasi iliyopata unyevu wa mvuke. Kalamu za wino mwepesi zinapendeza, ila tone moja la mchuzi linafuta sentensi nzima.

Saa ya kuandika ichague iambatane na jambo unalolifanya hata hivyo. Kwa wengi ni baada ya Isha, vyombo vimeshaoshwa. Kwa wengine ni wakati wali umepaliwa, makaa yako juu ya mfuniko na hakuna la kufanya ila kungoja. Mistari mitano inatosha. Siku ikikosekana, iache ikosekane. Ukiketi Ijumaa kujaza Jumatatu, Jumanne na Jumatano kwa kukumbuka, utaandika mambo ya jumla, na baada ya wiki mbili daftari litageuka deni. Andika tarehe ya leo uendelee.

Siku ya kawaida inaandikwaje

Tazama maandishi ya aina mbili kuhusu siku moja. Ya kwanza: "Leo siku ilikuwa nzuri ingawa mvua ilinyesha. Tulikula vizuri na shangazi alitutembelea. Namshukuru Mungu." Hakuna uongo hapo, lakini maneno hayo yanafaa siku yoyote, nyumba yoyote, mji wowote. Ya pili: "Jumanne 14 Mei. Mvua tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Mkaa umelowa, jiko lilikataa kushika. Sokoni vibua wadogo tu, watatu kwa 3,000, nikarudi na kunde. Nazi moja kubwa. Shangazi alipita saa kumi, akala ukoko, akasema kunde alizokulia yeye huiva upesi kuliko hizi. Mtoto wa kati ameanza kukataa pilipili."

Hiyo ya pili haikuchukua muda mrefu zaidi. Ina hali ya hewa, ina bei, ina mtu na neno alilolisema, ina badiliko dogo la mtoto ambalo mwaka ujao hakuna atakayejua lilianza lini. Ukikosa la kuandika, jiulize haya: mvua au jua, nini kilinunuliwa na kwa bei gani, nani alikuja, nini kilivunjika au kutengenezwa, nani alisema neno ambalo hujawahi kumsikia akilisema. Neno liandike kama lilivyotamkwa. Kama babu anasema "nipashe kahawa", usiandike kwamba aliomba apashiwe kahawa. Andika alivyosema, na lafudhi yake, na kama kikombe alikirudisha.

Bei zistahi sana. Risiti za dukani hazifai kuwekwa kama kumbukumbu, kwa sababu karatasi zile zinazochapwa kwa joto hufifia zikabaki nyeupe. Nakili bei mkononi pamoja na kipimo chake: fungu, kopo, sado, kilo, debe. Ukiandika "nyanya 2,000" hujaandika kitu mpaka useme ni sado moja au fungu la sita.

Samuel Pepys, karani wa serikali mjini London, aliandika shajara tangu Januari 1660 hadi Mei 1669. Ameacha habari za moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, lakini humo humo ameandika kwamba moto ulipokaribia alichimba shimo akafukia divai na jibini yake ya Parmesan. Tarehe 25 Septemba 1660 aliandika kuwa amekunywa kikombe cha chai, kinywaji ambacho hakuwahi kukionja kabla. Alipokuwa akiandika hakujua kama chai itakuwa kinywaji cha nchi yake nzima. Wewe pia hujui ni kipi kati ya vitu vya leo jikoni kwako kitaenea na kipi kitatoweka, ndiyo maana usichague sana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Martha Ballard, mkunga wa Hallowell katika jimbo la Maine, Marekani. Aliandika karibu kila siku tangu 1785 hadi alipofariki mwaka 1812, mistari michache kila mara: hali ya hewa, mtoto aliyezaliwa, kitambaa kilichofumwa, mboga zilizopandwa, nani amemlipa na kwa kitu gani. Waliolipitia daftari hilo kwa miaka mingi waliliona limejaa mambo madogo madogo ya nyumbani, wakaliweka kando. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich akayachukua hayo hayo madogo, akayapanga, na kitabu alichokitoa mwaka 1990 kilipata tuzo ya Pulitzer. Kumbuka kwamba Ballard hakuwa akimwandikia mwanahistoria. Alikuwa akiweka hesabu za siku yake, kwa uaminifu, miaka 27.

Chakula

Hapa ndipo daftari linapofanya kazi yake kubwa, na ndipo watu wengi wanapolivuruga, kwa sababu mapishi yetu mazuri yamo mikononi mwa watu wasiopima.

"Bibi, chumvi kiasi gani?"

"Ya kutosha, mjukuu wangu."

Hakufichi. Mkono wake unajua, na mkono hauna lugha. Basi usimuulize kiasi, kipime wewe kabla hakijafika mkononi mwake. Weka unga wote kwenye bakuli, pima kwa mizani, andika. Mwache apike kama alivyozoea. Akimaliza, pima uliobaki, toa. Ukianza na gramu 1,000 zikabaki 380, alitumia 620. Fanya hivyo kwa sukari, mafuta, chumvi, hata iliki kwa kuhesabu punje. Yeye hatakatizwa, nawe utapata hesabu sahihi kuliko ile ambayo angekutajia kwa kukisia.

Kama mizani huna, chupa ya maji inatosha kuanzia. Chupa ya nusu lita ina mililita 500. Jaza maji kwenye bakuli analolitumia bibi kupimia mchele uone limemeza chupa ngapi. Likimeza moja na nusu, bakuli hilo ni mililita 750, na tangu hapo "bakuli moja la bibi" ni kipimo ambacho mtu wa mji mwingine anaweza kukifuata. Vijiko vyake vipime pia, maana vijiko viwili vya chai kutoka kabati moja vinaweza kutofautiana sana. Katika mapishi kijiko cha chai huhesabiwa mililita 5 na cha chakula 15. Ukikuta mzee anahesabu kwa kibaba, usimsahihishe wala usibadilishe. Andika kibaba, na pembeni ukumbushe kuwa vibaba viwili ni kisaga na vinne ni pishi, kisha chombo chenyewe kipime kwa maji kama ulivyopima bakuli.

Nazi inadanganya kuliko kitu chochote. "Nazi mbili" hazielezi kitu, kwani kuna nazi ya kujaza bakuli na kuna nazi ya kujaza kiganja. Pima uzito wa nazi iliyokwisha kukunwa, kabla ya kuchuja. Andika maji yaliyotiwa kupata tui la kwanza, na yaliyotiwa kupata la pili, na tui lipi lilitangulia sufuriani. Katika mchuzi wa kunde, tui jepesi huchemkia na kunde na lile zito hutiwa mwisho, moto umepunguzwa, likikorogwa pole pole lisikatike. Mpishi mzoefu hatakwambia hivyo kwa sababu kwake ni jambo lisilohitaji kusemwa. Mambo yasiyohitaji kusemwa ndiyo ya kuandikwa kwanza.

Moto nao una vipimo vyake. Jiko la mkaa halina namba, lakini unaweza kuandika makaa yamejaa au yamefika nusu, yamekolea au yana majivu, na kwa wali wa kupaliwa, makaa mangapi juu ya mfuniko na mangapi yamebaki chini. Baada ya hapo andika dalili. Ukimuuliza mpishi dakika ngapi atasema hajui. Muulize badala yake ni nini kinamwambia kwamba kitunguu tayari. Hapo ataeleza: kimeacha kulia, kimeanza kunukia utamu, mafuta yamejitenga pembeni. Hayo maneno yake yaandike yalivyo. Yatakufaa kwenye jiko la gesi na la umeme, ambako dakika za mkaa hazina maana.

Chukua vitumbua kama zoezi la kwanza, kwa kuwa vitu vyake ni vichache na kila kosa linaonekana. Mchele vikombe viwili, uliolowekwa usiku kucha. Tui zito kikombe kimoja na kidogo cha kuongezea. Sukari nusu kikombe, hamira kijiko cha chai, iliki. Sasa anza kuandika yasiyomo katika orodha. Mchele ni wa aina gani, mpya au wa msimu uliopita? Umesagwa kwa mashine ya kuzungusha au umepelekwa kinuni? Ukiushika kati ya vidole, bado una chembe au umelainika kabisa? Uji ni mzito wa kudondoka au wa kutiririka? Umeumuka kwa muda gani, na siku hiyo palikuwa na joto au baridi? Wa Arusha mwezi Julai atangoja kuliko wa Mombasa mwezi Februari. Mafuta kiasi gani katika kila shimo la chuma, na ni ishara gani inayokuambia ugeuze? Kisha andika matokeo: vimevimba, vimelala, vimeungua nje ndani vikabaki vibichi. Mara ya pili badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha tui na hamira na moto kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichokuponya.

Pishi moja linahitaji kurasa tatu, na mikao mitatu jikoni. Mkao wa kwanza yeye anapika, wewe unapima. Wa pili wewe unapika, yeye amekaa kwenye kibao anakutazama, na hapo ndipo atakapotoa yale aliyosahau kusema, maana ataona mkono wako ukienda pasipofaa. Wa tatu unapika peke yako kwa kulifuata daftari, humuulizi mtu, na kila unapokwama unaweka alama. Penye alama ndipo maandishi yako yana pengo. Rudi kwake na alama hizo tu.

Juu ya kila pishi andika jina la aliyekufundisha, alikozaliwa, na yeye alifundishwa na nani kama anajua. Andika linapikwa lini: futari, wageni, mgonjwa, mwisho wa mwezi. Kuna vyakula vya mwisho wa mwezi ambavyo watu wanaona haya kuviandika, na hivyo vina ujuzi mkubwa kuliko pilau, kwa sababu vinatakiwa vishibishe watu wengi kwa vitu vichache. Namna mama alivyonyoosha robo kilo ya dagaa kwa bilinganya na ukwaju inastahili ukurasa wake.

Mwenye ndugu aliye Muscat, London au Toronto amezoea kupigiwa simu ya ghafla, mtu yuko mbele ya jiko anauliza maji ya boko boko. Mwandikie ukurasa, naye aandike upande wake: tui la kopo aliliongeza maji kiasi gani, ngano ipi ilikubali, kibua alimbadilisha kwa samaki gani. Ukipokea majibu yake yabandike kwenye ukurasa huo huo, maana sasa hilo pishi lina matawi mawili na yote ni ya nyumba yenu.

Kazi za mikono unazozipenda

Hapa sitakaa sana, kwa sababu anayependa kazi yake tayari anajua kilicho cha kuandika. Nitaongeza tu kwamba aandike tarehe za mwanzo wa mambo. Mwenye bustani ya mchicha aandike siku aliyomwaga mbegu, siku zilipochomoza, siku ya kuchuma mara ya kwanza, na mvua zilinyesha au alimwagilia. Baada ya vuli mbili na masika mawili atakuwa na kalenda ya kiwanja chake mwenyewe, ambayo hakuna kitabu cha kilimo kinachoweza kumpa. Avuaye kwa mshipi asiache kuandika tarehe ya mwezi mwandamo pamoja na ile ya kawaida, bamvua au maji mafu, kusi au kaskazi, chambo gani, mwamba upi. Anayeshona kofia za mkono aandike mchoro aliouiga, namba ya uzi, siku aliyoanza na siku aliyomaliza, na abandike kipande cha uzi wenyewe kwenye ukurasa. Jani, mbegu, pindo la kanga iliyochakaa, vyote vinabandikika.

Henry David Thoreau aliishi Concord, Massachusetts, na miaka ya 1850 alikuwa akitembea kila siku akiandika ni ua gani limechanua na tarehe gani. Alifanya kwa kupenda mimea. Miaka 150 hivi baadaye, Richard Primack wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake walizilinganisha tarehe hizo na za sasa katika mji huo huo, wakaona kwamba mimea mingi inachanua mapema kuliko zamani kwa sababu ya kuongezeka kwa joto. Mwembe dodo ulio uani kwako, je, ulitoa maua lini mwaka jana? Embe la kwanza lilianguka lini? Andika mwaka huu, kisha mwaka ujao, na mingine.

Siri za watu

Daftari la nyumbani litasomwa. Hata ukilifungia, siku moja litafunguliwa na mtu usiyemtarajia. Pepys aliandika kwa hati ya mkato, na bado maandishi yake yakafumbuliwa, yakaanza kuchapishwa mwaka 1825, na baadaye yakatoka hata mambo ambayo asingependa mkewe ayajue. Kwa hiyo weka mpaka tangu mwanzo. Ya kwako andika kwa uhuru. Ya jirani, ugonjwa wake, deni lake, ugomvi wa ndoa yake, yaache hata kama yalisemwa sebuleni kwako. Kuhusu watoto, andika maneno yao na vituko vyao, usiandike aibu zao, maana watakua na watasoma. Na aliyekufundisha pishi muombe ruhusa kabla ya kumpa mtu wa nje ya ukoo. Wapo akina mama wanaouza maandazi asubuhi na ndiyo yanayolipa ada ya shule. Pishi lao ni mali, na kulisambaza bila kuuliza ni kuwanyang'anya.

Kulitunza

Daftari lisikae jikoni. Mvuke, samli na mende vitalimaliza. Jikoni ingia na karatasi chakavu na penseli, kisha nakili usiku ule ule kwenye daftari, na kunakili huko kutakuonyesha ulipoandika kwa haraka pasipoeleweka. Daftari lenyewe liweke mahali pakavu palipoinuka kutoka sakafuni, ndani ya sanduku la bati lenye mfuniko. Wanaoishi karibu na bahari wajue kwamba unyevu wa masika huleta ukungu hata ndani ya sanduku, basi lifunguliwe siku za jua daftari lipigwe upepo kivulini, si juani. Majani makavu ya mwarobaini yasaidie dhidi ya wadudu, kama yanavyowekwa kwenye nafaka.

Simu ni msaidizi mzuri lakini haifai kuwa daftari lenyewe. Inaanguka majini, inaibiwa, na picha elfu nne zisizo na maelezo ni sawa na kutokuwa na picha. Itumie kwa mambo mawili. Kwanza, rekodi sauti ya mzee akieleza pishi, kwa kuwa namna anavyosita na kucheka haiandikiki. Pili, kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa ulizojaza umtumie ndugu mmoja unayemwamini, aliye nyumba nyingine, azihifadhi. Nyumba moja ikipata mafuriko, nakala itakuwa kwingine.

Mara moja kwa mwaka lisome lote tangu mwanzo. Mimi napendekeza wiki ya mwisho ya Shaabani kwa wafungao, kwani hapo utahitaji hesabu za futari za mwaka uliopita: unga kilo ngapi, tende ngapi, sukari ilikwisha siku ya ngapi. Kwa wengine wiki ile kabla ya Krismasi inafaa kwa sababu hiyo hiyo. Ukisoma, shika penseli ya rangi nyingine. Palipokosekana jina la mtu, ongeza maadamu unakumbuka. Pishi lililopikwa tena likatoka vizuri zaidi, andika namba ya ukurasa mpya pembeni ya ule wa zamani.

Daftari likijaa, andika juu ya jalada tarehe ya kwanza na ya mwisho, nunua la pili, na katika ukurasa wake wa tano, baada ya zile nne za orodha, nakili mapishi ambayo bado yana alama za kukwama pamoja na jina la mtu wa kuulizwa na namba yake ya simu. Ukurasa huo uanze nao kesho asubuhi, na mpigie kwanza yule mwenye umri mkubwa kuliko wote.